Kondemu kwenye Paji la Uso

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha, wapo wazee wenzangu kule Old Moshi watakaoisema kabla hujafungua ukurasa wa pili. Nilikwenda kwenye sherehe ya kipaimara, mbele ya mwinjilisti na wazee wa kanisa na akina mama waliovaa vitenge vipya, nikiwa nimepigwa mhuri wa nyama mbovu kwenye paji la uso. Mhuri wa zambarau, wa pembetatu, ambao kazi yake ni kuwaambia watu kwamba kitu hiki hakifai kuliwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimeoga, nimechana nywele, nimevaa shati la kuazima, na katikati ya uso nimeandikwa kwa Kizungu kwamba mimi ni wa kufukiwa shimoni. Desemba iliyopita tulimzika rafiki yangu Manase, na binti yake akaniomba niseme neno moja la kumkumbuka baba yake. Nikasimama, nikataka kusimulia habari ya mhuri, nikaona mchungaji anaangalia saa, nikasema tu kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, nikakaa. Nimelala vibaya tangu siku ile. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ninaousema ni ule wa unga wa njano wa msaada. Waliokuwepo wanaujua, na wasiokuwepo wawaulize wakubwa wao jinsi ugali ule ulivyokuwa unakaa tumboni kama matofali. Shule ilikuwa imeniacha kidato cha pili. Watu husema mimi ndiye niliyeiacha, lakini mimi nilikuwa tayari kuendelea, walimu ndio waliochoka. Nikapata kibarua kwa Bwana Afya, mkaguzi wa nyama, mtu wa Singida, mrefu, mkimya, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la bluu. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na kisu, chupa ya wino wa zambarau, na mihuri miwili. Mmoja wa duara, wa nyama safi. Mwingine wa pembetatu. Tulikuwa tunapanda kutoka soko hadi soko, yeye mbele mimi nyuma. Akifika machinjioni anapasua ini, anaangalia, ananusa, halafu ananyoosha mkono bila kugeuka. Akisema "duara" nampa wa duara. Akikuta minyoo au usaha, hasemi pembetatu. Anasema, "Kondemu," neno lenyewe la Kizungu lililochongwa kwenye mhuri. Basi hapo mwenye nyama anashika kichwa, mimi namwaga mafuta ya taa juu ya ini la watu, na mbwa wote wa soko wananiangalia kama adui wa taifa.

Neno lile lilikuwepo zamani, waliofanya kazi reli na mashambani kwa Wazungu walikuwa wanalijua, lakini mwaka huo lilishuka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, kama mafua. Nadhani na mimi nilichangia, kwa sababu jioni kwenye kilabu cha Mama Ndea, ambapo nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya banda lake la kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa namwigiza Bwana Afya. Nanyoosha mkono bila kugeuka, nasema kwa sauti yake ya puani, "Kondemu," na watu wanavunjika mbavu. Wakaanza kulitumia kila mahali. Redio ya balozi wa nyumba kumi ikikoroma, kondemu. Viatu vya mwalimu vilivyofungwa kamba ya mgomba, kondemu. Basi la kwenda mjini lililokuwa linasukumwa na abiria wake, hilo lilikuwa kondemu hata kabla halijazimika. Mama Ndea alikuwa na mteja mmoja aliyeachwa na wake wawili. Akiingia tu, mtu anasema kule kona, "Kata ya mbege kwa kondemu," naye anacheka, anapokea. Mtoto aliyefeli, kondemu. Meno ya mbele, kondemu. Na mimi mwenyewe, mwenye vidato viwili na mkoba wa mtu mwingine, Manase alikuwa ananiita hivyo mbele ya wasichana: "Jamani msimsogelee huyu, shule ilishampiga kondemu." Nilikuwa nacheka kuliko wote. Ukijicheka wewe kwanza, mwenzako anakosa pa kuanzia.

Lakini nikikumbuka sasa, naona tulikuwa tunacheka huku tunaangalia nyuma ya mabega. Mvua ilikuwa imekataa. Kule chini tambarare ng'ombe walikuwa wanakufa, na si kwa kiu peke yake. Mtu anamwacha ng'ombe wake jioni anatafuna majani ya mgomba, asubuhi anamkuta amelala miguu juu, tumbo kama pipa. Bwana Afya akaanza kwenda mbio. Mara nne tano nilimfuata mpaka huko chini, tukachoma mizoga kwa kuni na magurudumu mabovu, na moshi wake ulikuwa unaingia kwenye nguo ukakataa kutoka. Siku moja, tumekaa tunangoja moto, akaniambia maneno mengi kuliko aliyokuwa ameniambia miezi yote. "Hiki ni kimeta. Ukiona ng'ombe kafa ghafla, usimpasue. Ukiona damu ni nyeusi kama oili ya injini na haigandi, usiiguse, ondoka uniite. Hii si ya mafuta ya taa. Hii inaua watu." Ikatoka amri kwamba hata ng'ombe wa sherehe nyumbani asichinjwe bila kukaguliwa. Mwinjilisti akaitangaza kanisani, akasema yeye hataombea chakula chenye nyama isiyo na mhuri. Watu wakanuna. Mimi jioni nikaigiza na hiyo. Nilisimama juu ya kigogo kwa Mama Ndea, nikakunja uso, nikasema, "Ukiona damu haigandi, ondoka uniite." Wakacheka. Manase alikuwa amekaa mlangoni. Namkumbuka, hakucheka sana.

Manase alikuwa rafiki yangu tangu tunachunga. Baba yake, Mzee Anaeli, alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya chini, na mdogo wa baba yake, Kirenga, ndiye alikuwa mchinjaji wa ukoo. Kwetu mnyama hagawanywi hovyo, kila kiungo kina mwenyewe. Kidari kina mtu wake, mgongo una mtu wake, na mchinjaji ana haki yake ya kuonja damu mbichi kabla wengine hawajaona kitu. Mzee asiyepelekewa kiungo chake atakumbuka mpaka siku ya kufa. Mwaka huo binti mdogo wa Mzee Anaeli alikuwa anapata kipaimara, na ng'ombe wa sherehe alikuwa amewekwa zizini tangu mwaka juzi, analishwa humo humo ndani, ananenepa, na kila mzee wa ukoo alishajua atakula kiungo gani.

Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, Bwana Afya alikuwa ameshuka mjini kwa familia yake, mtaa wa Soweto, akaniachia mkoba kama kawaida yake ya mwisho wa wiki. Tulikubaliana Jumapili alfajiri apande kumkagua ng'ombe huyo, lakini basi kondemu lile, unajua tena. Mchana Manase akaja kwa Mama Ndea akaninunulia kata ya mbege. Hapo nilipaswa kushtuka. Manase alikuwa hanunui. Manase alikuwa anakaa karibu na mtu anayenunua. Akaninunulia ya pili, na ya tatu, mbege nzito yenye ulezi wa juu, na kila nikisema imetosha anasema, "Kunywa bwana, kesho sikukuu." Yeye mwenyewe alikuwa analowesha midomo tu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Moshi wa jikoni." Mama Ndea akapita na ndoo akamwambia, "Wewe Manase, unamlisha mwenzako kama unataka kumchinja." Tukacheka wawili. Yeye hakucheka. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba nililala jua likiwa bado juu.

Nikaamka kengele ya kanisa inalia, na haikuwa ya kwanza. Nikatoka nje kunawa. Mama Ndea alikuwa anachochea moto, akaniangalia, akaweka mwiko chini polepole. "Nani kakufanya hivyo?" Nikajitazama kwenye kioo chake kidogo cha ukutani. Pembetatu ya zambarau, imekaa sawasawa, imekandamizwa vizuri na mtu asiye na haraka. Nikacheka kwanza, maana ndiyo tabia yangu. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawa nyekundu, na wino ule ulitengenezwa usitoke. Mama Ndea akasema, "Angalia mkoba wako." Nikaenda kuangalia, nikiwa bado nacheka kidogo. Mkoba ulikuwa kwenye msumari wake. Mhuri wa pembetatu ulikuwa umekaukia wino, sawa, huo nilijua umetoka wapi. Nikachukua wa duara. Ulikuwa unanata. Nikaupeleka mlangoni penye mwanga. Katikati ya herufi kulikuwa kumeganda mafuta meupe ya nyama, na unywele mmoja mwekundu wa ng'ombe. Ng'ombe wa Mzee Anaeli alikuwa mwekundu.

Sijui kama umewahi kuacha kucheka ukasikia mdomo wenyewe umebaki wazi. Nilivaa shati, nikavaa kofia ya Mama Ndea ya kuendea shambani, nikapanda. Njia ile ilikuwa inapita kando ya mfereji, na mfereji mwaka huo ulikuwa na matope tu na vyura waliokauka. Sikukutana na mtu, wote walikuwa kanisani au kwenye sherehe. Nilikuwa najiambia huenda ng'ombe alikuwa mzima na walichoka tu kumngoja Bwana Afya. Kisha naona macho ya Manase. Nilipofika karibu na kihamba cha Mzee Anaeli nikasikia harufu ya machalari, ndizi na nyama vimeshikana vizuri, na wewe mtu uliyekula ugali wa njano miezi na miezi utanielewa nikisema mate yalinijaa mdomoni hata nikiwa najua.

Watu walikuwa wameshatoka ibadani. Sufuria kubwa zilikuwa zimeteguliwa, zimepangwa juu ya majani ya mgomba, na mwinjilisti alikuwa ameshasimama na kitabu chake anangoja watoto wanyamaze. Binti wa kipaimara alikuwa amekaa katikati na gauni jeupe. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Anaeli, na huwezi kumwamkia mzee na kofia kichwani. Nikavua. "Shikamoo, mzee." Hakuna aliyesikia marahaba. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikaenda kwa vijana, kikarudi. Kirenga alikuwa kwenye kigoda karibu na pipa la mbege, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Leo Bwana Afya amekagua vizuri kabisa." Nikasema, "Mzee, nyama hii isiliwe. Nyama hii ni kondemu." Loo, hapo ndipo walipokufa kabisa. Mwaka mzima nilikuwa nawafundisha kulicheka neno hilo, sasa wanacheka vizuri. Mmoja akasema, "Kondemu anatuambia kondemu." Kirenga akaniita, "Njoo unuse na mimi, unipige wa duara." Hata mwinjilisti alikuwa anauma midomo. Nikamtafuta Manase. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, mkono wa kulia umefunikwa na koti ingawa jua lilikuwa kali, ananiangalia mimi tu.

Mama mmoja akamchotea mtoto mchuzi kwenye kikombe ili anyamaze. Nikaona mtoto anapuliza.

Mimi sina akili nyingi, hilo nimeshalisema, lakini miguu yangu siku ile ilikuwa nayo. Nikatoka nje ya lango, mpaka kwenye uzio wa masale. Isale, kama hujui, ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Ndiyo mpaka wenyewe. Na mtu akikukosea, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, akija amekushikia jani la isale lililofungwa fundo, huruhusiwi kumfukuza. Utamsikiliza, na utasamehe. Nimeona watu waliokuwa hawasemezani maisha yao yote wakilia kwa ajili ya jani lile. Halichezewi. Hata mimi, niliyecheza na kila kitu, sikuwahi kuliigiza. Nikakata jani, nikafunga fundo, nikarudi ndani nimelishika mbele yangu kwa mikono miwili.

Kicheko hakikukatika, kilikauka. Wa mbele waliona wakanyamaza, wa nyuma wakauliza kuna nini, wakaona, wakanyamaza. Mama yule akamnyang'anya mtoto kikombe bila kuambiwa. Nikapiga magoti mbele ya Mzee Anaeli. Akaniangalia paji la uso, kisha akaangalia jani, na uso wake ukaanza kuzeeka pale pale.

"Unaomba msamaha wa nini, mwanangu?"

"Wa kukuharibia sherehe, mzee."

Kirenga akasema, "Kaka, huyo kalewa." Mzee hakugeuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Unajua ng'ombe yule nilimlisha muda gani?" Nikasema najua. Akasema, "Alikuwa amevimbiwa tu. Jana asubuhi alianguka, tukamwahi." Halafu akanyamaza, kama mtu aliyejisikia akisema. Wote tulikuwa tumesikia. Nikazidi kunyoosha jani. Mkono wake ulipanda, ukashuka, ukapanda. Akalichukua. Akasimama, akaenda kwenye sufuria ya kwanza, akaisukuma kwa mguu, na mguu wenyewe ulikuwa na kiatu cha kanisani. Machalari yalimwagika juu ya majani ya mgomba, yanatoa mvuke. Bibi mmoja alianza kulia, na sijui mpaka leo kama alikuwa anamlilia mzee au chakula, maana na mimi machozi yangu yalikuwa ya vyote viwili. Mzee akasema, "Mwageni yote. Fungeni mbwa."

Bwana Afya alifika mchana akiwa amevaa vumbi. Akaangalia ngozi iliyoanikwa nyuma ya zizi, akaangalia mahali walipochinjia. Damu ilikuwa bado nyeusi na bado ni maji maji. Akawaambia watu wote wasiguse chochote, akaagiza kuni. Alipofika kwangu alichukua mkoba kutoka begani kwangu, akaubeba mwenyewe. Alitazama tu kile kilichokuwa usoni kwangu, na kwa mara ya kwanza nilijua jinsi ini linavyojisikia.

Wiki ile sitaki kuirudia hata kwa kalamu. Kila nyumba ilikuwa inahesabu watoto wake asubuhi. Mtu akikohoa, majirani wanatoka nje. Watoto waliolambishwa mchuzi jikoni kabla sijafika walipona wote, wengine hawakuumwa hata tumbo. Kirenga, aliyekunywa damu ile mbichi kama haki yake ilivyo, alishikwa na tumbo Jumatatu, na kabla wiki haijaisha tukamzika, ndani ya jeneza lililofungwa misumari mingi kuliko kawaida. Manase, aliyemchuna ng'ombe yule, alitokewa na kipele kwenye mkono wa kulia kikawa kidonda cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, mkono ukavimba mpaka kwenye bega. Wakampeleka hospitali mjini. Kwa Mama Ndea nilikuta watu wamekaa na kata zao kimya. Yule bwana aliyeachwa na wake wawili akaingia, akasimama akingoja aitwe kama kila siku. Hakuna aliyemwita. Mama Ndea akamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo mimi nilikuwa silijui.

Siku hizi mjukuu wangu akiangusha simu anasema, "Babu, hii imeshakuwa kondemu." Anashangaa kwa nini mkono wangu unapanda kwenye paji la uso. Pale hapana kitu. Wino ulitoka wenyewe, taratibu, nikiwa nimeshaacha kuusugua.

Nilikwenda kumwona Manase alipoanza kukaa kitandani. Nilipeleka ndizi mbivu na hasira. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: umenilewesha, umeniibia mkoba, na bado ukaona haitoshi mpaka ukanifanya kichekesho cha kijiji. Nikamkuta mkono umefungwa bandeji nene, amekonda, anaangalia dirishani. Nikasahau maneno yote nikauliza moja tu. "Wa duara naelewa. Baba yako alikutuma. Huu wa usoni ulikuwa wa nini?"

Akageukia tena dirishani. Nje kulikuwa na mtu anafagia.

"Nilimwambia baba mdogo damu haigandi," akasema. "Nilimwambia kama ulivyokuwa unasema wewe juu ya kigogo. Alicheka. Na baba nilishindwa kumkatalia, unamjua." Akauvuta mkono wenye bandeji karibu na kifua. "Nikasema nikupige huo wa pembetatu, ukiamka ujione, ujue mkoba umefunguliwa. Wewe si mtu wa kunyamaza. Kisha nikakaa pale langoni kwetu tangu kengele ya kwanza nakungoja, watu wananipita wananiuliza mbona huingii ndani." Akanitazama. "Ulilala mno, ndugu yangu."